Hatua Sita za Bibi Tusekile

Nyie vijana mnaopima kiwanja kwa simu mkiwa mmeegemea pikipiki, leo nawaomba muda wenu kidogo. Mimi ni Kihwele, Mhehe wa Kihesa, na kwa miaka ishirini na kitu nilijenga viwanja vya michezo kwenye shule za msingi, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, mpaka kule bondeni Usangu. Sikujenga viwanja vya kuonyeshwa kwenye televisheni. Nilijenga vile vya watoto wanaocheza pekupeku, goli moja liko mlimani na lingine linatazamana na choo cha walimu. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma kila baridi ikianza, na mke wangu amechoka kusikia hadithi hizi. Basi zamu yenu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na shirika dogo, jina lake silitaji, ambalo lilitoa matoroli, sururu, machepeo, saruji kidogo, na mimi. Shule ilitoa eneo. Wazazi walitoa nguvu zao kila Jumamosi, kazi ya pamoja tunayoiita msaragambo. Mtaa mzima ulitoka, kila balozi na watu wake wa nyumba kumi, na kila kundi lilipewa kipande chake cha kuchimba. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima, kuelekeza, na kuzuia watu wazima wasigombanie toroli.

Asubuhi za Mbeya mwezi wa sita, jamani! Ukoka umekuwa mweupe kwa barafu, watu wanakuja wamejitanda mablanketi, kila anayesalimia anatoa moshi mdomoni. Ikifika saa nne makoti yote yako chini, yamerundikwa pembeni. Akina mama wanafika na sufuria za viazi na makande, chai iko kwenye ndoo yenye mfuniko. Mmoja anaanzisha wimbo wa Kinyakyusa, sururu zote zinashuka kwa pamoja. Mimi Kinyakyusa changu kilikuwa cha salamu tu, lakini niliimba kwa sauti kuliko wenyewe, wakawa wananicheka. Nimekumbuka siku zile mpaka nahisi harufu ya udongo.

Msidhani nilizaliwa fundi. Kiwanja changu cha kwanza, huku huku Iringa, nilikata milingoti ya goli kwenye miti mibichi ya ua, ile ambayo ukichomeka tawi tu linashika. Niliipenda kwa sababu ilikuwa imenyooka. Mvua ziliponyesha, goli la kaskazini likaota majani. Kufika mwezi wa pili kipa alikuwa anadaka kivulini. Mwalimu wa michezo alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikanuna siku tatu. Kwa hiyo sikilizeni: mti wa goli ukausheni kwanza, umenyeni magome, na ule mwisho unaoingia ardhini uchomeni kidogo motoni au upakeni oili chafu, la sivyo mchwa watafunga bao kabla ya watoto.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli ni Mzee Shabani wa Mbalizi. Wazazi wake walitoka pwani zamani kufuata biashara, yeye akazaliwa huku huku kwenye baridi, akawa fundi mwashi, na uzeeni akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa kofia na kikombe cha kahawa, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsaidia kumaliza sentensi. Yeye ndiye aliyenionyesha mpira wa maji. Unachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na maji yanasimama usawa mmoja hata kama mmeachana hatua hamsini. "Maji hayana chama wala kabila," aliniambia. "Yakisema pale ni chini, ni chini. Wewe usibishane nayo, Kihwele." Aliniambia hivyo kwa sababu alikuwa ameshanijua. Mimi nilikuwa mbishi.

Mambo mengine nilifundishwa na watu ambao hawakujua kama wananifundisha. Kule Usangu tulimwaga udongo, tukausawazisha vizuri, lakini hatukuwa na mashine ya kuushindilia. Nilikuwa nimesimama nalalamika, akapita mfugaji mmoja Msukuma na fimbo yake mabegani. "Unataka ardhi ikanyagwe?" akaniuliza. "Hiyo nayo ni shida?" Tukamwagia maji jioni, kesho yake akaja na ndugu zake na ng'ombe wao wote, wakawapitisha kwenda na kurudi mpaka adhuhuri. Kiwanja kikawa kigumu kama sakafu. Kilinuka zizi wiki mbili, lakini hakuna mtoto aliyelalamika.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Ninachotaka kuwaambia hasa ni habari ya shule moja mlimani, ukiiacha Ilomba unapandisha. Ni habari ya kosa langu, na kwa kosa lile nusura mama mmoja apoteze nyumba yake.

Shule ile haikuwa na hata sehemu moja ya tambarare. Watoto walicheza chandimu kwenye mteremko, na sheria yao ilikuwa moja: aliyepiga ndiye anayeufuata. Mpira ukishuka, unashuka kweli, mpaka kwenye kijito huko bondeni. Nusu ya mchezo ilikuwa kumsubiri mtu arudi. Wasichana walijichorea rede yao kati ya madarasa mawili, na mpira ukigonga dirisha wote wanatawanyika. Mwalimu mkuu, Mwalimu Atupele, mama mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameomba kiwanja kwa miaka mingi. Tulipofika na matoroli yetu alitushika mikono kwa mikono yake miwili, na macho yalimlengalenga.

Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Tukate mlima upande wa juu, udongo tuumwage upande wa chini, katikati tupate tambarare. Ugumu ulikuwa upana. Kiwanja cha kuwatosha watoto tungekipata bila shida. Ila mimi nilitaka kiwanja kamili, kile ambacho kata nzima ingekuja kufanyia mashindano ya shule. Nilitaka watu wa Mbeya waseme, kile cha Kihwele. Ili kukipata, ilibidi nisogee hatua sita zaidi kuingia mlimani, na nikate wima.

Mzee Shabani alikuja kuangalia. Alisimama akanywa chai yake yote kabla hajasema neno. "Kihwele, mlima unakatwa kwa ngazi. Kata kidogo, pumzisha, kata tena. Huu unaufanya ukuta."

"Mzee, nikifanya ngazi upana unapotea."

"Wachezaji wako wana urefu gani?"

Nikajifanya sijasikia.

Juu ya pale tulipokuwa tunakata ilikuwapo nyumba ya Bibi Tusekile. Alikuwa mjane wa miaka sitini na zaidi, ana nyumba ya tofali za udongo, jiko la nje, na migomba. Alikuwa anapika kimpumu, ile pombe ya Kinyakyusa inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na wateja wake walikuwa na tabia ya kuimba wakati watoto wanafundishwa hesabu. Kwa sababu hiyo yeye na Mwalimu Atupele walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Barua za malalamiko zilikuwa zimepanda kwa mwenyekiti wa mtaa mara nyingi, na Bibi alijisifu kwamba nakala anazopewa anawashia moto.

Jumamosi moja ukuta wetu umeshafika urefu wa watu wawili, Bibi akashuka na mwiko wake mkononi. Watu wakaacha kuchimba.

"Mwanangu," akaniambia, "mlima huu una maji ndani. Mvua zikikolea yanatoka yenyewe pale kwenye migomba yangu. Ukikata hivyo utatuangusha."

Mngekuwepo mngeniona! Nilikuwa na futi kamba shingoni, kofia ya kazi, na hadhira ya watu karibu mia. Nikacheka. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Bibi, usiwe na wasiwasi. Mimi nimepima."

Watu nao wakacheka, maana fundi amecheka. Bibi hakukasirika. Alinitazama vizuri tu. "Haya. Kupima umepima," akasema. "Kuuliza hujauliza." Akapandisha kwake.

Nilikata mpaka mwisho. Mwezi wa kumi kiwanja kilikuwa tambarare, kipana, kinang'aa. Shirika likaniandikia kwamba wageni watakuja kukizindua kabla ya shule kufungwa. Nililala usingizi mtamu kuliko wote maishani mwangu.

Mvua za kwanza zilinyesha siku mbili tu, tena za kawaida. Siku ya tatu Mwalimu Atupele akaniita. Alinionyesha kwa kidole tu juu kwa Bibi. Nikapanda. Uani, kati ya jiko na migomba, kulikuwa na ufa. Ulikuwa mrefu, umefuata ukingo wangu sambamba kama umepigiwa kamba, na kidole changu kilizama mpaka mwisho.

Bibi Tusekile alikuwa amepaka mabamba matatu ya udongo wa mfinyanzi kukatiza ule ufa. Nikamuuliza ya nini. "Niliyapaka jana," akasema. "Yalikuwa mazima." Yote matatu yalikuwa yamekatika katikati. Mama yule hajasoma ujenzi popote, na amenipimia mwendo wa mlima kwa kipande cha udongo wa chungu! Mafundi wakubwa hufanya vile vile, na mimi nilikuwa sijawahi kufikiria.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mvua kubwa zilikuwa zinakuja baada ya wiki nne, tano hivi. Zikifika, ukuta wangu ungekwenda, jiko lingefuata, nyumba ingefuata, na vyote vingeangukia pale pale ambapo watoto wangekuwa wanacheza. Nguluvi, Mungu wangu, nilisema, nimefanya nini?

Nilimpigia simu Mzee Shabani. Alifika mchana ule ule, akautazama ufa, hakunisema. Natamani angenisema. Alisema dawa ni moja: turudishe udongo, tujenge ngazi tatu mpaka juu, nyuma yake tupange mawe na kupitisha mabomba ili maji yapate njia ya kutokea. Ngazi zile zitakula upana. Nikamuuliza kiasi gani, nikijua jibu.

"Hatua sita," akasema.

Jumamosi iliyofuata tukaitisha mkutano pale pale uwanjani. Watu walikuja wamevaa vizuri, wakidhani tunapanga sherehe ya uzinduzi. Nikasema kwamba udongo wa mlima haukushika na itabidi sehemu ya kiwanja ifukiwe. Nilisema hivyo hivyo, "udongo haukushika," kana kwamba udongo ndio uliokosea.

Baba Lusajo akasimama. Alikuwa fundi magari, jitu la miraba minne, na kundi lake ndilo lililochimba kuliko yote. "Fundi, tangu mwezi wa sita tunachimba. Mimi nina malengelenge, mke wangu ana malengelenge. Leo unatuambia ule udongo tulioutoa tuurudishe?"

"Sehemu yake, kaka."

"Sehemu gani?"

"Hatua sita. Upande wote wa juu."

Kelele zikalipuka. Mwingine akauliza kama nimelewa. Mwingine akasema Wahehe ndivyo walivyo, wanaanza vita halafu wanatafuta njia ya nyumbani. Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Kwani Bibi si ana mtoto Tunduma? Ahamie kwa mwanawe! Nyumba yenyewe ya udongo. Tuchange tumsaidie kubeba vyombo, na kiwanja kibaki."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Si watu wabaya, nawaomba muelewe. Walikuwa wamechoka, na walikipenda kiwanja chao. Nikamwangalia Mwalimu Atupele. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akihama Bibi na kimpumu chake kinahama, na hilo yeye alilitaka siku nyingi.

Na mimi nikanyamaza. Hili nawaambia waziwazi ingawa linaniaibisha mpaka leo. Nilijua Bibi hana kosa. Nilijua neno langu moja lingemaliza maneno. Lakini nilifikiria wageni wa uzinduzi, nikafikiria kibarua changu, nikaona, labda na Tunduma si kubaya.

Bibi Tusekile akainuka pale alipokuwa amekaa na akina mama.

"Kuhama nitahama," akasema. "Miguu ninayo. Na mzee wangu je? Yeye atabebwa na nani?"

Vijana wengi hawakuwa wanajua. Kwa Wanyakyusa mtu huzikwa kwake, karibu na nyumba yake, na mumewe alizikwa pale kabla shule haijapanuliwa. Hakuwekewa saruji wala msalaba wa chuma. Ni kituta cha udongo tu, kimezungukwa na migomba.

"Yuko kwenye ile migomba ya mwisho," akasema Bibi. "Hatua mbili kutoka pale fundi alipokata."

"Ee Kyala!" mama mmoja akamlilia Mungu kwa Kinyakyusa, na Baba Lusajo akavua kofia yake.

Nilipima mlima ule kwa kamba, kwa mpira wa maji, kwa macho. Nilipima kila kitu, na sikujua kama kuna mtu amelala pale. Nikasimama mbele yao kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nikasema udongo haukukosea. Nikasema Bibi alinionya mbele yao na mimi nikamcheka, Mzee Shabani aliniambia nikate kwa ngazi nikakataa, na zile hatua sita hazikuwa za watoto, zilikuwa za jina langu. Nikasema kama wamechoka sitamlaumu mtu, nitarudisha udongo mwenyewe kwa toroli mpaka mvua zinikute.

Baba Lusajo akasema taratibu, "Kiwanja kitapungua. Mashindano hatutayapata."

Mwalimu Atupele ndiye aliyejibu. "Kitapungua, Baba Lusajo. Kwani watoto wenyewe si wafupi?"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, halafu uwanja mzima. Mwalimu akapanda mpaka kwa Bibi, wakasemezana Kinyakyusa chao kwa muda mrefu. Sikusikia yote. Baadaye niliambiwa wamekubaliana: kimpumu kitafunguliwa baada ya kengele ya mwisho, na hakuna barua tena.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa kumi na mbili asubuhi ili niwe wa kwanza. Baba Lusajo alikuwa ameshajaza toroli la tatu. "Umechelewa, Mhehe," akaniambia, wala hakunitazama. Hatukungoja Jumamosi tu tena. Walikuja Jumatatu, wakaja Alhamisi, wengine kabla ya kwenda sokoni, wengine baada ya kutoka gereji. Mzee Shabani alileta mabomba kutoka dukani kwake na akakaa kwenye kiti, anaelekeza kwa bakora. Mawe yalipangwa na akina mama, mkono kwa mkono, kutoka kijitoni mpaka juu. Tukajaza udongo kwenye viroba, tukashindilia, tukapanda matete ili mizizi yake ishikilie. Ngazi ya kwanza ikafika kiunoni, ya pili ikakaa juu yake. Hakuna aliyeimba siku za mwanzo. Ya pili ilipokwisha, mtu akaanzisha wimbo.

Ya tatu tuliimaliza jioni, na mvua kubwa zikaanza kesho yake.

Zilinyesha siku tatu mfululizo. Mnaijua mvua ya Mbeya, haina adabu, inanyesha kana kwamba inadai. Nilikuwa nimekaa chumbani kwa mwenyeji wangu, nasikiliza bati. Siku ya tatu asubuhi ikapungua kidogo, nikavaa koti nikapanda kwa miguu, ninateleza na kuinuka. Sikuthubutu kuinua macho mpaka nilipofika uwanjani.

Ngazi zilikuwepo. Ile ya juu ilikuwa imebonyea kidogo upande mmoja, basi. Mabomba yote yalikuwa yanatapika maji, mengi, ya kahawia, yanapita kwenye mfereji yanaelekea kijitoni. Bibi Tusekile alikuwa ameinama kwenye bomba la mwisho, amejifunika kiroba kichwani, anaosha vyungu vyake.

"Ugonile, fundi," akanisalimu. "Njoo uone maji ambayo kwako hayakuwepo."

Nikachukua chungu kimoja nikaanza kukisugua. Aliniacha nioshe vyote, na alinionyesha kila nilipoacha masizi.

Kiwanja kilizinduliwa, wageni walikuja, wakapiga picha. Baadaye akaja mtu wa michezo wa kata na tepu yake, akapima mara mbili, akatikisa kichwa. Upana hautoshi, mashindano hayawezi kufanyika hapa. Alisema kwa upole. Iliniuma, sitawadanganya. Lakini watoto walikuwa nyuma yake wanacheza, na mpira ulitoka nje ukagonga ngazi ya chini, ukarudi wenyewe. Mtoto aliyeupiga alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda bondeni kwa mazoea. Akasimama, akashangaa, wenzake wakamcheka.

Sasa nyinyi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Mnapiga picha kutoka angani, simu inawaambia mteremko ni kiasi gani. Vitumieni, mimi sina kinyongo. Magoli yaelekezeni kaskazini na kusini ili jua lisimpofue kipa. Mistari ichoreni kwa majivu ya jikoni, chokaa mbichi inaunguza macho ya watoto. Goli la chuma lichimbieni chini na saruji, mtoto akining'inia lisimwangukie. Na kabla hamjachomeka kigingi cha kwanza, zungukeni nyumba zote zinazopakana na kiwanja. Kaeni, kunyweni mtakachopewa, waulizeni wenyewe maji yanatokea wapi na nani amezikwa wapi. Itawachukua siku mbili. Mimi ilinichukua kiwanja kizima.

Mwaka huu mwanzoni nilipigiwa simu na Baba Lusajo. Bibi Tusekile amefariki, kwa uzee, kitandani kwake. Nikapanda basi kutoka Iringa siku hiyo hiyo.

Msiba wa Kinyakyusa mnaujua, watu hawahesabiki. Uani kwake hapakutosha hata akina mama wapishi. Mwalimu Atupele, naye amestaafu, anatembelea fimbo, akafungua geti la shule, na waombolezaji wakaingia uwanjani, wakajaa, wakapanda kukaa kwenye zile ngazi tatu. Safu tatu za watu, mamia, wamebanana bega kwa bega, wengine wana watoto mapajani. Matete tuliyoyapanda yalikuwa yamewapita kimo.

Jeneza likapitishwa juu yao, kwenye njia ya migomba. Tulimzika pale pale kando ya mumewe, hatua mbili kutoka ukingoni. Baba Lusajo alinipa chepeo kabla ya watu wengi, na wanafamilia hawakukataa. Nilipomaliza nikashuka uwanjani, nikageuka kutazama juu. Nyumba ilikuwa imesimama, makaburi mawili yako kwenye migomba, na mlima umewabeba watu wote wale bila hata kokoto moja kuteremka.

Nililia, Mhehe mzima, mbele za watu. Wala sikujificha.